Nani anakula prosesa? Kompyuta za Linux baada ya masasisho

Miongoni mwa malalamiko yanayorudiwa sana na watumiaji wa kompyuta za Linux ni lile la mashine iliyokuwa ikifanya kazi kwa utulivu kuanza kuvumisha feni, kuchemka na kumaliza chaji mapema mara tu baada ya kupokea masasisho, yaani matoleo mapya ya programu yanayopakuliwa ili kuziba mianya ya usalama, kurekebisha kasoro au kuongeza uwezo. Kinachohisiwa kwa nje ni joto na uzito, lakini kinachotendeka kwa ndani ni kwamba prosesa, chombo kinachotekeleza kila amri ya kompyuta, imepewa kazi nyingi kuliko ilivyozoea, na swali linalopaswa kutangulia mengine yote ni nani aliyeitoa kazi hiyo na ni kazi ya namna gani. Wengi hawaliulizi. Huzima mashine na kuiwasha, huua programu iliyo juu ya orodha, au hupakia mfumo mzima upya, na kwa kufanya hivyo hufuta ushahidi ambao ungewaonyesha chanzo.

Linux yenyewe, ambayo Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, kwa maana halisi si mfumo mzima bali ni kerneli, yaani sehemu ya ndani kabisa inayosimama kati ya programu na vifaa, ikimgawia kila mhitaji muda wa prosesa, kumbukumbu na nafasi ya diski. Ubuntu, Debian, Fedora na mifumo mingine ya jamii hiyo huichukua kerneli hiyo na kuizungushia maelfu ya programu zilizoandikwa na watu wengine, na ndiyo maana sasisho la usiku mmoja laweza kuleta kwa mkupuo kerneli mpya, draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya michoro, kivinjari cha intaneti na maktaba, jina ambalo waandishi wa programu huyapa mafungu ya msimbo yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Kusema tu kwamba sasisho limeharibu kompyuta ni kusema jambo pana mno. Heri ni kwamba mfumo huweka daftari: Debian na Ubuntu huandika katika faili /var/log/apt/history.log jina la kila kifurushi kilichobadilishwa pamoja na namba ya toleo lililoondoka na lililoingia, ilhali Fedora hutoa taarifa hiyohiyo kwa amri ya dnf history. Daftari hilo hufaa kufunguliwa kabla ya kitu kingine chochote kuguswa.

Chombo kinachotumika zaidi kupima mzigo ni programu ya top, ambayo huonyesha michakato, yaani programu zilizo katika utekelezaji, ikiipanga kwa kiasi cha prosesa ambacho kila mmoja unatumia. Asilimia zake huwatia wengi hofu isiyo na msingi, kwa kuwa katika orodha ya michakato top huhesabu kila kiini cha prosesa kuwa asilimia 100 kwa nafsi yake, hivyo mchakato ulioandikiwa asilimia 250 katika kompyuta yenye viini vinane unatumia viini viwili na nusu, na mashine bado ina nafasi ya kutosha. Juu ya orodha huonekana pia namba tatu za wastani wa mzigo katika dakika 1, 5 na 15 zilizopita, ambazo huelezwa vyema kwa mfano wa foleni ya mashine za kusaga: mashine zikiwa nne na wateja wanne, hakuna anayengoja, lakini wateja wakifika kumi, sita kati yao watasimama na ndoo zao za mahindi. Wastani wa 4 basi ni mzigo kamili kwa prosesa ya viini vinne na ni mzigo mwepesi kwa ile ya viini kumi na sita. Ipo hata hivyo hila moja ambayo huwapotosha hata mafundi wazoefu, nayo ni kwamba tangu mwaka 1993 Linux huingiza katika hesabu hiyo pia michakato iliyokwama ikingoja diski, na matokeo yake ni kuwa wastani waweza kupanda hadi 20 huku prosesa ikiwa karibu haina kazi. Anayeisoma namba hiyo peke yake ataishtaki prosesa kwa kosa la diski.

Sehemu kubwa ya mizigo inayozuka katika saa za mwanzo baada ya sasisho ni ya kupita. Mazingira ya GNOME, yaani madirisha na menyu anazoziona mtumiaji, yana huduma ya kuorodhesha mafaili, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Tracker kabla ya kuitwa LocalSearch katika toleo la 47 la mwaka 2024, na mazingira ya KDE yana Baloo. Zote mbili husoma yaliyomo ndani ya nyaraka, picha na nyimbo ili mtumiaji ayapate upesi anapotafuta, na toleo jipya likibadili muundo wa hifadhidata yake, uorodheshaji huanza tena tangu faili la kwanza. Kerneli mpya nayo huamsha DKMS, mfumo ulioanzia katika kampuni ya Dell, ambao kazi yake ni kuzijenga upya kutoka kwenye msimbo zile draiva zisizokuja pamoja na kerneli. Katika kompyuta mpya yenye diski isiyozunguka kazi hizi huchukua dakika, lakini katika zile za mtumba zenye viini viwili na diski ya kuzunguka, ambazo watu wengi huziwekea Linux hasa ili kuziongezea umri, zaweza kuchukua saa nyingi, na aliye na subira ya kuiacha mashine kwenye umeme usiku kucha mara nyingi huikuta asubuhi imetulia. Ikiwa siku ya pili mchakato uleule bado uko juu ya orodha, hapo tena si kazi ya kupita. Mara kadhaa chanzo ni faili moja bovu linalomwangusha mwenye kuorodhesha, mfumo ukamwinua, akaanza, akaangushwa tena palepale.

Mzigo usiokwisha hutaka uchunguzi wa ndani zaidi, na hapa top ina mstari ambao watumiaji wengi huuruka, ingawa ndio wenye maarifa zaidi kuliko orodha yenyewe. Mstari huo hugawa muda wa prosesa katika mafungu yenye vifupisho vya herufi mbili: us ni muda unaotumiwa na programu za kawaida, sy ni ule wa kerneli, wa ni wa kungoja diski, hi na si ni muda wa kuhudumia vikatizo, yaani ishara ambazo vifaa huitumia prosesa kudai huduma papo hapo, na st, unaohusu seva za kukodi zinazoendeshwa kama kompyuta pepe ndani ya mashine kubwa, ni muda ambao mwenye mashine amewapa wapangaji wengine. Fungu lililovimba hubadilisha mwelekeo wote wa uchunguzi. Us ikiwa kubwa, mtuhumiwa ni programu na jina lake liko kwenye orodha. Wa ikiwa kubwa, kuongeza prosesa au kuibadilisha hakutasaidia kitu. St ikiwa kubwa, mpangaji wa seva hana la kurekebisha isipokuwa kuzungumza na aliyemkodisha. Sy na vikatizo ndivyo vigumu zaidi, kwa sababu jina linaloonekana kwenye orodha huwa ni kworker, ambalo ni la kibarua wa kerneli anayefanya kazi kwa niaba ya sehemu nyingine, na kumlaumu yeye ni kumlaumu tarishi kwa barua aliyoibeba.

Mfano unaofahamika kwa wamiliki wa kompyuta za mkononi ni ule wa kworker kushika kiini kizima bila kukiachia kwa sababu ya ACPI, kanuni ambazo kupitia kwazo programu tete (firmware) ya ubao wa kompyuta huuarifu mfumo kuhusu betri, joto, kifuniko na vitufe. Taarifa hizo hupita katika njia zenye namba, na kerneli mpya isipoelewana na programu tete ya kiwanda, njia moja huanza kumimina vikatizo maelfu kwa maelfu kila sekunde. Kerneli huhesabu kila kikatizo na kuweka hesabu hiyo katika folda ya /sys/firmware/acpi/interrupts, kwa hiyo njia yenye wazimu hujulikana kwa kutazama ni namba ipi inayokimbia kupita zote, na yaweza kufungwa kwa kuandika neno disable ndani ya faili lake. Hiyo ni nafuu ya muda tu, kwa kuwa huenda njia hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikileta habari za betri au kitufe cha sauti. Tiba ya kweli ni toleo jipya la programu tete kutoka kwa mtengenezaji, au kerneli iliyorekebishwa.

Draiva za michoro huleta tatizo la sura nyingine, kwa sababu zikikosekana kompyuta haigomi bali huendelea kufanya kazi kwa gharama kubwa. Ikiwa ujenzi wa draiva umeshindikana baada ya kerneli mpya, mfumo waweza kuangukia kwenye llvmpipe, sehemu ya maktaba ya Mesa inayochora kila kitu kwa kutumia prosesa badala ya kadi ya michoro, na mtumiaji akaona programu zote za kompyuta, kuanzia madirisha hadi kivinjari, zinakula prosesa bila ya mkosaji mmoja wa wazi. Jina hilo likionekana katika ukurasa wa maelezo ya mfumo mahali pa jina la kadi, uchunguzi umekwisha. Wakati mwingine hata hivyo hakuna kilichoharibika. Mwezi Septemba 2022 mradi wa Fedora uliondoa katika kifurushi chake cha Mesa uwezo wa kufungua video za H.264 na H.265 kwa kutumia kadi ya michoro, si kwa kasoro ya kiufundi bali kwa hofu ya kesi za hataza, na watumiaji wa kadi za AMD waliosasisha wakakuta video zilezile zinafunguliwa na prosesa. Hakuna uchunguzi wa vikatizo ambao ungeliwapa jibu. Jibu lilikuwa kwenye daftari la vifurushi na kwenye maelezo ya waliokitengeneza kifurushi.

Yapo pia masasisho yanayoongeza mzigo kwa kukusudia. Mwezi Januari 2018, udhaifu wa prosesa uliopewa jina la Meltdown ulipotangazwa, kerneli ilibadilishwa ili kutenganisha kumbukumbu yake na ile ya programu kila programu inapoomba huduma, na kwa kuwa kuvuka huko kuna gharama, programu zinazoomba huduma mara nyingi sana, kama hifadhidata, zilipungua kasi. Swichi ya kuzima kinga hiyo ipo, lakini kuizima katika mashine inayotumiwa na watu wengi ni kuuza usalama kwa bei ya feni tulivu, na hakuna fundi mwadilifu atakayeishauri.

Makosa makubwa zaidi ya uchunguzi hutokana na kuamini kwamba kilichotokea baada ya sasisho kimesababishwa na sasisho. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 2012, muda mfupi kabla ya saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki, sekunde moja iliongezwa katika saa ya dunia ili iende sambamba na mzunguko wa Dunia, na kasoro iliyokuwa imejificha ndani ya kerneli ikajitokeza: vipima muda vya ndani havikuarifiwa kwamba saa imerudishwa nyuma sekunde moja, kwa hiyo programu zilizoomba kulala kwa sehemu ndogo ya sekunde ziliamshwa papo hapo, zikaomba tena, zikaamshwa tena, bila kikomo. Programu za Java na MySQL zilipanda hadi kikomo cha prosesa, tovuti ya Reddit ikaanguka, na mfumo wa Amadeus wa kuhifadhi nafasi za ndege ulipoathirika abiria wa ndege nchini Australia wakapanga foleni viwanjani. Kampuni ya Hetzner ya Ujerumani, inayokodisha seva, iliwaarifu wateja wake kwamba matumizi yake ya umeme usiku huo yalipanda kwa takribani megawati moja. Msimamizi aliyekuwa amesasisha seva yake jioni ile angekuwa na kila sababu ya kulishutumu sasisho, na angekuwa amekosea; tiba ilikuwa amri moja ya kuipanga upya saa ya mashine kwa wakati uleule iliokuwa nao.

Wengine wanaojificha nyuma ya sasisho ni wadukuzi. Programu hasidi za kuchimba sarafu za kidijitali hula prosesa kwa sababu ndiyo kazi yake, na waandishi wake huzipa majina yanayofanana na yale ya kerneli ili mtazamaji azipite: kdevtmpfsi, mchimbaji anayejulikana sana katika seva zisizolindwa, hutofautiana na kdevtmpfs halali kwa herufi moja, na wengine hujiita kswapd0, jina la mtumishi wa kerneli anayeshughulika pale kumbukumbu inapopungua. Kinachowatenganisha ni kwamba mtumishi halali wa kerneli hana faili la programu kwenye diski na mzazi wake ni mchakato namba 2. Kswapd0 yenye anwani ya faili ndani ya folda ya mtumiaji haihitaji mjadala zaidi.

Hakuna tukio linaloonyesha vyema zaidi thamani ya kuuliza ni nani anayekula prosesa kuliko lile la mwaka 2024. Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL aliyeajiriwa na Microsoft, alikuwa akipima mabadiliko madogo ya kasi katika kompyuta yenye Debian isiyo thabiti (sid) iliyosasishwa, kazi ambayo hutaka mashine tulivu, na akaona michakato ya sshd, programu inayopokea watu wanaoingia kwenye seva kutoka mbali, inatumia prosesa kwa kiasi kisichoelezeka, ilhali waliokuwa wakijaribu kuingia walikataliwa mara moja kwa kuwa majina yao hayakuwepo. Kuingia kulikochukua takribani sekunde 0.3 sasa kulichukua 0.8. Ni tofauti ambayo karibu kila mtu angeisamehe. Freund aliiweka sshd chini ya perf, chombo cha kerneli kinachochukua sampuli za mahali prosesa ilipo katika msimbo, na kikaonyesha kwamba muda unatumika ndani ya liblzma, maktaba ya kubana mafaili, tena katika sehemu isiyokuwa na jina, jambo lisilotarajiwa katika msimbo wa kawaida. Akakumbuka pia malalamiko ya ajabu ya Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, aliyoyaona wiki kadhaa nyuma baada ya vifurushi kusasishwa.

Alichokifukua kilikuwa ni mlango wa nyuma uliopandwa kwa makusudi. Mtu au kundi lililotumia jina la Jia Tan lilikuwa limechangia mradi wa xz, ambao ndio unaotoa liblzma, tangu mwaka 2021, likijenga imani ya msimamizi wake, Lasse Collin, hadi likapewa mamlaka ya kutoa matoleo, na katika toleo la 5.6.0 la Februari 2024 na la 5.6.1 la Machi likaficha msimbo hasidi ndani ya mafaili ya majaribio. Programu ya sshd kwa asili haitumii liblzma, lakini Debian na wengine waliiunganisha na maktaba ya systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo), ambayo nayo iliitegemea liblzma, na kwa njia hiyo ya mzunguko mwenye ufunguo wa siri angeweza kuendesha amri yoyote katika seva iliyoathirika. Mzigo wa prosesa ulitokana na msimbo huo kupekua majedwali ya anwani kila sshd ilipoanza, na sshd huanza upya kwa kila anayebisha hodi. Freund alitoa taarifa hadharani tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu, kabla ya matoleo hayo kuingia katika Debian thabiti au mifumo ya kibiashara ya Red Hat. Waandishi wa msimbo huo hasidi walikuwa wameficha karibu kila kitu isipokuwa nusu sekunde ya prosesa.

Anayetaka kuthibitisha kwamba sasisho ndilo lenye kosa hahitaji kipaji cha Freund. Mifumo mingi huacha kerneli ya zamani kwenye diski, na katika menyu ya GRUB, programu inayoiamsha kerneli kompyuta inapowashwa, mtumiaji anaweza kuichagua. Mzigo ukitoweka chini ya kerneli ya zamani na kurudi chini ya mpya, kosa limepatikana kwa nusu. Nusu iliyobaki ni ya git bisect, amri inayogawa mabadiliko katikati, mtumiaji akajaribu, nayo ikatupa nusu isiyo na kosa, na kwa kuwa kati ya matoleo mawili ya kerneli, yanayopishana kwa wiki 9 au 10, mara nyingi huwa kuna mabadiliko yapatayo 13,000, majaribio 14 hutosha kulifikia badiliko moja lenye hatia. Kubaki na kerneli ya zamani kwa wiki mbili wakati kosa linarekebishwa ni busara. Kuacha kusasisha moja kwa moja ni kuacha wazi mianya ambayo tayari imeshatangazwa kwa kila mdukuzi.

Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kanuni kwamba badiliko la kerneli linaloharibu kile kilichokuwa kikifanya kazi kwa mtumiaji ni kosa la kerneli, si la mtumiaji, na yupo Mjerumani, Thorsten Leemhuis, ambaye hufuatilia ripoti za aina hiyo ili zisipotee. Ripoti inayosikilizwa hutaja toleo la mwisho lililokuwa zima, toleo la kwanza lenye kosa, aina ya kompyuta na matokeo ya perf au hesabu ya vikatizo. Isiyo na namba hizo mbili za matoleo kwa kawaida hurudishwa kwa mwenyewe na ombi la kuzileta.